Mshona Mashuka Hageuki

Mlinzi wa mlango wa mapokezi ya hospitali alikuwa amemzoea mzee, lakini kazi ni kazi, ilimbidi aulize.

"Haya, Mzee Toroli. Leo unaumwa nini?"

"Leo ni goti."

"Juzi si lilikuwa sikio?"

"Mwili wangu una mitaa mingi, mwanangu. Kila siku kuna mtaa umekatika umeme."

Mlinzi akacheka, akambonyezea mashine ya namba. Kikaratasi kikatoka, mzee akakipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa cheo, akaingia ukumbini kutafuta nafasi yake kwenye benchi linalotazamana na skrini.

Goti lilikuwa zima. Sikio nalo lilikuwa zima. Alichukua namba kwa sababu mlangoni palikuwa pamebandikwa agizo kwamba asiye na shida asikae ukumbini. Agizo lenyewe liliandikwa na watu wanaokaa kwenye viti vya kuzunguka, ambao wakichoka kutazama huku wanageukia kule. Basi mzee alikuwa anachukua namba kama wagonjwa wengine, anakaa, na namba ikikaribia kuitwa anampa mama yeyote mwenye mtoto anayelia. Wangapi wametibiwa mapema kwa sababu ya goti la Mzee Toroli, hakuna ajuaye.

Jina lile la Toroli alilipata kazini, humo humo hospitalini. Maisha yake yote ya kazi alisukuma toroli la nguo: anatoa mashuka machafu wodini, anapeleka kwa wafuaji, anachukua yaliyokauka, na yaliyochanika anayapeleka chumba cha mwisho cha ujia, chumba cha ushonaji. Katika chumba hicho, kwenye cherehani lililokuwa karibu na dirisha, alikaa mke wake.

Mke wake alikuwa marehemu sasa. Miaka yote alishona mashuka ya hospitali ile, akapinda pindo, akatia viraka mpaka viraka vikapata viraka. Siku alipolazwa yeye, wodi haikuwa na shuka. Si kwamba mashuka hayakuwapo. Yalikuwapo, mapya, aliyoyapinda kwa mkono wake mwenyewe, yamefungiwa stoo yanamsubiri mgeni rasmi aje kuyakabidhi mbele ya kamera. Mgeni akaahirisha. Mke wa Mzee Toroli hakuwa na nafasi ya kuahirisha. Akafa juu ya godoro tupu la plastiki, kafunikwa khanga ya jirani wa kitanda cha pili.

Hilo mzee hakulisamehe, wala hakuwa na mpango wa kulisamehe. Walipomwalika baadaye kwenye sherehe ya kuwaaga wastaafu, alikwenda, akala, akanywa soda, na alipopewa nafasi ya kusema neno alisimama akasema, "Ninyi mna roho ngumu kuliko mashine yenu ya kufulia," akakaa. Watu walipiga makofi kwa kutojua la kufanya.

Sasa utauliza, mtu mwenye uchungu hivyo na hospitali, anafuata nini humo kila asubuhi?

Alifuata skrini.

Zamani kidogo, hospitali ilipotaka kujionyesha, aliletwa mpiga picha mgeni. Alipita kila idara. Picha nyingine alizipiga za kawaida, nyingine alizitengeneza kwa namna yake, zikawa zinacheza kidogo kisha zinarudi mwanzo, bila sauti: muuguzi anambembeleza mtoto, mtu wa maabara anatikisa kichupa. Zikawekwa kwenye skrini kubwa ya ukumbini, zinapita zamu kwa zamu. Na ya chumba cha ushonaji ilikuwamo.

Siku ile mpiga picha alisimama nyuma ya mke wake, akamwambia ashone tu kama kawaida, asimjali. Mama wa watu akainama akashona. Mara mlangoni akatokea mume na toroli lake, hana habari ya kamera wala nini, akaita kama alivyozoea:

"Mchumba! Mzigo umefika!"

Mchumba. Wana wajukuu, lakini alimwita mchumba. Wenzake wakimtania, alikuwa akiwajibu, "Ndoa nimefunga, kuchumbia sijamaliza."

Basi kwenye skrini ilikuwa hivi. Kwanza unaona mgongo, tepu ya kupimia imening'inia shingoni, mwanga wa dirisha begani. Kisha kichwa kinainuka kidogo, kama mtu aliyesikia kitu. Kisha anageuka. Akishageuka anacheka, kicheko chote, na pengo lake la mbele linaonekana, lile pengo alilokuwa akilificha maisha yake yote. Kisha mkono unapanda kuziba mdomo. Lakini kabla haujafika, picha inarudi mwanzo, mgongo tena.

Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Katika picha zote nyingine za nyumbani, chache zilizopona unyevu wa kabati, mke wake kafunga mdomo kama aliyekatazwa kusema. Au kauziba kwa kiganja. Kwenye skrini ile tu mkono haukuwahi kufika. Mzee alikuwa anakaa pale akiuona mkono unapanda, anasema moyoni, hufiki, mama, hufiki leo. Na kweli haufiki.

Simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupiga na kupokea. Hakuwahi kufikiri kuomba nakala. Nani anaomba nakala ya ukuta?

*

Asubuhi ile ya goti alikaa, akaweka kofia pajani. Kwenye skrini akapita mkurugenzi anakata utepe. Akapita muuguzi na mtoto, na mzee akaona muuguzi yule habembelezi, kasimama tu na mtoto upande mmoja kama kashika mzigo wa mtu. Hakutia maanani. Ikaja picha ya chumba cha ushonaji.

Mgongo. Tepu shingoni. Mwanga begani.

Akangoja kichwa kiinuke. Hakikuinuka. Picha ikaondoka, ikaja ya kunawa mikono.

"Imekwama," akajisemea. Akasubiri mzunguko mwingine. Mkurugenzi, utepe. Muuguzi. Mgongo, na mgongo ukapita. Mzunguko wa tatu alisimama, akasogea mpaka chini ya skrini, shingo juu, kana kwamba akisogea atamwona kwa ubavuni.

"Mzee, kaa, unatuziba," mtu akasema nyuma yake.

Alikwenda kwa mlinzi. "Mwanangu, mmefanya nini picha ya mama?"

Mlinzi akachungulia. "Si ile pale? Mimi naiona ipo."

"Hageuki."

"Kwani alikuwa anageuka?" Mlinzi alikuwa amekaa chini ya skrini ile tangu aajiriwe, kaipa kisogo.

Basi mzee akashika njia ya ghorofani, kwa katibu wa hospitali, na ngazi alizipanda kama mtu asiyejua goti ni nini.

Katibu alikuwa mtu wa suti na maneno laini. Alimpa kiti, akamsikiliza, akafurahi hasa kwamba kuna mtu amegundua mabadiliko.

"Umeona eh? Picha zetu zote tumezihamisha mzee wangu. Zilikuwa kwenye muundo wa zamani, nzito, zinajaza mashine bure. Sasa tuko kwenye muundo mpya. Nyepesi, safi, zinafunguka haraka. Na hakuna hata moja iliyopotea. Tulihakiki. Zilizoingia na zilizotoka ni sawa sawa."

"Mke wangu hageuki."

Katibu akaifungua picha kwenye kompyuta yake, akamgeuzia kioo. "Hii si ndiyo? Cherehani lipo, dirisha lipo, mtu yupo."

"Mtu ana uso, bwana mkubwa."

"Lakini mzee..."

"Mlimlaza kwenye godoro tupu nikanyamaza. Sasa mmemgeuzia ukutani."

Hakuwa amenyamaza hata siku moja, na katibu alilijua hilo, alikuwapo siku ya soda na makofi. Lakini hakubishana. Alinyanyua simu, akamwita fundi wa kompyuta.

*

Fundi wa kompyuta alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi mweusi mahali mkono wa miwani ulipovunjika. Uzi ule mzee aliutambua. Ni mke wake aliyeufunga, fundo lake la kuzungusha mara mbili. Fundi naye alimtambua mzee, akamwamkia, akamwingiza chumbani kwake, mahali feni zinavuma mchana kutwa na hakuna dirisha.

"Shemeji," alimwambia, maana marehemu alikuwa akimwita dada, "nitakueleza ukweli. Faili ile ya zamani haikuwa picha moja. Ilikuwa picha nyingi zimefungwa pamoja, kama mashuka uliyoyakunja ukayapanga. Kompyuta inazifunua upesi upesi, moja baada ya nyingine, jicho linadhani mtu anatembea. Tulipobadilisha muundo, mashine ilichukua ya juu tu."

"Na zile nyingine?"

"Hazikuchukuliwa."

"Ziko wapi?"

Fundi akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Faili za zamani zilifutwa zote Ijumaa. Agizo lilikuwa nafasi ipatikane kabla ya wiki mpya."

"Huo muundo wenu mpya haujui kubeba mtu anayegeuka?"

"Unajua. Unabeba vizuri tu. Lakini iliamriwa picha moja moja, ili ziwe nyepesi. Nikaamrisha mashine hivyo."

"Na kuhakiki?"

"Nilizipanga kwenye kioo, za zamani huku, mpya huku, zikiwa ndogo ndogo. Zikiwa ndogo hazitembei, shemeji. Zote zilifanana. Mgongo huku, mgongo kule. Nilimpita mara mbili, na sikumkumbuka."

Mzee alitaka kumpandishia sauti, ikashindikana. Aliutazama ule uzi kwenye miwani, hasira ikatafuta njia nyingine, ikarudi kwa wenye viti vya kuzunguka. Huyu ameambiwa punguza, kapunguza. Lakini aliyesema punguzeni, yeye alipunguza nini? Picha yake ya utepe ilikuwa ya kusimama tangu mwanzo. Haikupoteza hata kidole.

"Mpiga picha?" akauliza.

"Nimempigia kabla hujaingia. Namba haipatikani, na kazi zote alitukabidhi sisi." Kisha fundi akainuka ghafla. "Subiri. Ile flashi ya kuhifadhia picha, nyuma ya skrini!"

Wakatoka mbio mbio wawili hao, mama wa makamo na mzee, wanapishana na machela. Ngazi ikaletwa, mzee akaishikilia chini, fundi akapanda. Skrini ikazimwa, ukumbi mzima ukaguna. Akachomoa kijiti kidogo nyuma, akakitazama, akakirudisha.

"Hii ni mpya. Ya zamani iko wapi?" akamwuliza mlinzi kutoka juu.

"Alichukua katibu. Ijumaa hiyo hiyo."

Katibu hakuificha. Ilikuwa kwenye funguo zake za gari, inaning'inia. Alikuwa ameifuta, akaweka picha za semina. Alisema, "Nilidhani haina kazi tena," na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa laini. Akaikwanyua kwenye funguo hata ukucha ukamuuma, akampa fundi.

Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba kile kisicho na dirisha, fundi akihangaika. Fundi alimweleza kwamba kitu kilichofutwa huwa hakiondoki papo hapo, kinabaki chini kimefunikwa, ila kikiwekewa kingine juu yake kinaliwa. Mzee akaelewa vizuri. Alijua habari ya vitu vilivyofunikwa na vingine juu yake. Semina ile ilikuwa na picha nyingi: watu wanakula, watu wamesinzia, katibu kashika kipaza sauti. Chini yake ndiko alikolala mke wake.

Vikaanza kutoka vipande. Nusu ya kichupa cha maabara. Mguu wa mtoto. Kisha fundi akasema, "Shemeji, njoo."

Kioo kilionyesha dirisha la chumba cha ushonaji, na chini yake kilemba, na kilemba kilikuwa kimeanza kugeuka. Sikio moja lilionekana. Mwanzo wa shavu, mstari mwembamba tu, kama ukingo wa mwezi. Kuanzia hapo kwenda chini ilikuwa kijivu, kijivu mpaka mwisho, kama shuka lililovutwa juu ya mtu.

"Endelea," mzee akasema.

"Ndiyo mwisho. Kilichobaki kimeliwa."

Mzee akasogeza kidole mpaka karibu na sikio lile, asiguse kioo. Alikaa hivyo. Feni zikavuma.

"Hapo ndipo nilipomwita," akasema. "Hapo ndipo anasikia."

"Nikutolee kwenye karatasi? Nitaikuza."

"Hapana, mama. Nashukuru. Mke wangu hakuwa kipande."

Katibu alikuwa amekuja, kasimama mlangoni, hajui mikono aiweke wapi. Naye alitaka kutengeneza. Alisema wana picha ya marehemu kwenye faili la wafanyakazi, ile ya kitambulisho, wanaweza kuikuza, kuiweka kwenye skrini badala ya ile, na maneno chini: Tunamkumbuka.

"Ile amefunga mdomo," mzee akasema.

"Lakini uso unaonekana, mzee wangu."

"Aliufunga kwa sababu yenu. Mlimwambia picha ya kazi asicheke." Akachukua kofia yake, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi. "Msinibandikie maneno. Kama mlikuwa mnamkumbuka, mashuka yalikuwapo stoo. Mwacheni hapo alipo, anashona. Si ndivyo mlivyompenda, kainama, anashona?"

Alishuka ngazi, na safari hii goti lilimuuma kweli.

*

Nyumbani alikaa siku kadhaa bila kutoka. Binti yake alikuja na watoto, akapika, akafua, akamwuliza baba unaumwa, akasema siumwi. Binti akamwambia, "Sasa mbona huendi hospitali?" Wakacheka wote wawili, kisha binti akarudi jikoni.

Asubuhi moja alirudi. Mlinzi alimwona tangu getini, na alikuwa amekwisha kusikia yote, maana hospitali haina siri ila kwa wagonjwa.

"Mzee Toroli. Leo mtaa gani?"

"Leo umeme umekatika mji mzima, mwanangu."

Mlinzi hakucheka. Akabonyeza mashine, akampa namba.

Benchi lilikuwa limejaa. Mama mmoja mwenye bendeji mkononi alijibana, akampisha. Mzee akakaa. Akapita mkurugenzi na utepe wake. Akapita muuguzi na mtoto asiyebembelezwa. Kisha ukaja mgongo, tepu shingoni, mwanga begani.

Hakuwa amepanga. Mdomo wenyewe ulifunguka, kwa sauti ile ile ya mlangoni na toroli.

"Mchumba!"

Ukumbi mzima uligeuka. Wenye homa waligeuka, mwenye mguu wa plasta aligeuka, msichana wa dirisha la dawa akainua kichwa. Kijana mmoja akadakia, "Mzee, yuko wapi huyo mwenye bahati?" Watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha watu waliokaa muda mrefu bila sababu ya kucheka, na bibi mmoja wa benchi la mbele alicheka hadi akaziba mdomo kwa kiganja. Nyuso zote zilikuwa zinamtazama yeye. Zote, isipokuwa mmoja.

Mama mwenye bendeji hakucheka. Alimsogelea kidogo. "Unamwita nani, baba?"

"Yule pale."

Mama akatazama juu. Skrini ilikuwa inaonyesha mikono inanawa. "Naona maji tu."

"Subiri. Anarudi."

Wakasubiri wote wawili. Utepe ukakatwa tena. Muuguzi akasimama na mzigo wake. Picha ikaja, na mama yule akaitazama vizuri, kichwa kaegemeza upande.

"Huyu anayeshona?"

"Huyo."

"Mbona hageuki?"

"Bado hajanisikia," mzee akasema.

Kwenye kipaza sauti namba yake ikaitwa. Alimwekea mama yule kikaratasi kwenye mkono wake mzima, akamfunga vidole juu yake, akaendelea kutazama juu.